Kanga ya Kupimia Oili

Juzi fundi alipochomoa stiki ya kupimia oili ya gia boksi, harufu yake ilinirudisha kijijini kwetu, Kisaka. Ni harufu tamu kidogo, kama sukari inayoanza kuungua. Nina digrii mbili na sijui boneti ya gari langu inafunguliwa wapi, lakini harufu hiyo naijua.

Nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa amenunua gari la otomatiki, kioja kijijini kwetu, na tulikuwa tunampeleka bibi, mama yake mama, Tarime kwenye harusi ya binti yake wa mwisho. Kwetu Wakurya mama mkwe na mkwe wake hawatazamani wala hawasemeshani, kwa hiyo kanga ya bibi ilitundikwa nyuma ya kiti cha baba. Mimi nilikaa nyuma na bibi, nikipeleka maneno.

"Muulize bibi yako kama upepo umemzidi."

"Mwambie baba yako sijalalamika."

Kila mmoja alikuwa ameshamsikia mwenzake, lakini nilirudia yote. Niliamini wamegombana, na kila usiku nilisali wapatane.

Tulipoanza kupanda kilima, injini ilinguruma na gari halikusogea. Baba alilirudisha taratibu hadi kwenye tambarare, akapitisha gia zote, akaacha injini inaunguruma na kufungua boneti apime oili ya gia boksi. Stiki ile lazima ifutwe kwanza kwa kitambaa safi ndipo ipime. Kitambaa hakikuwepo. Baba akaanza kuchomoa pindo la shati lake jeupe.

"Mwambie baba yako," bibi akasema, "mkwe wangu haingii harusini na shati la gereji."

"Mwambie bibi yako tukichelewa, bibi harusi ataondoka bila kuagwa na mama yake."

Bibi alinyoosha mkono nyuma ya kiti. Kisha kanga ikashuka. Alinikabidhi, akageuka na kutazama nje kupitia dirisha la nyuma ya gari kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Baba aliipokea kwa mikono miwili. Akafuta stiki, akaizamisha, akaitoa: ililowa nchani tu. Akachukua oili ya akiba, nyekundu, akaimimina kidogo kidogo kupitia chupa ya maji iliyokatwa, akipima na kupima tena, mpaka akatosheka.

Gari likapanda. Bibi alisafiri ametugeuzia mgongo, akitangaza mambo tuliyokwisha kuyapita.

"Mwambie baba yako kuna ng'ombe barabarani."

Baba alicheka hadi usukani ukayumba. "Mwambie bibi yako hao tumeshasalimiana nao."

Tulifika bibi harusi akiwa ameinua mguu kuingia garini. Aliushusha, akamkimbilia mama yake.

Kanga ile ilibaki na doa jekundu, na bibi akawa anaivaa siku za sherehe tu. Nilidhani macho yake hayaoni vizuri. Miaka mingi baadaye niliolewa, na baba mkwe wangu akawa anazunguka nyuma ya mazizi ili tusikutane njiani, huku akiniletea ndizi mbivu kupitia watoto. Ndipo nikaelewa kwamba sala zangu zilikuwa zimejibiwa kabla sijaanza kuzisali.