Mbuzi Zizini Saa Sita Mchana

Likizo ya Desemba iliyopita, yapata saa nne asubuhi, binti yangu wa miaka kumi na miwili alikuwa ameketi kwenye baraza ya nyumba yetu mtaani Dallas, hapa mjini Embu, miguu juu ya kiti cha plastiki. Alikuwa akisoma mojawapo ya vile vitabu vinene ambavyo watoto wa rika lake hawabanduki navyo: jaladani mnyama mwenye mabawa, ndani falme zisizokuwa katika ramani yoyote, malango yenye kuzungumza na viapo visivyovunjika. Alicheka peke yake mara mbili, kisha akaniita.

"Mama, skiza hapa kidogo. Ukurasa mmoja tu."

Akafungua kinywa asome. Nami, mtu niliyeishi miaka mingi kati ya rafu za vitabu na kupata riziki yangu kwa kuvifundisha, nikajikuta nimeinua mkono kumzuia, huku macho yangu yakitafuta jua lilipofika.

"Ngoja," nilisema.

"Ningoje nini?"

Jibu lenyewe ni refu, msomaji wangu, na lina mbuzi ndani yake.

Nililelewa karibu na Gachoka, katika ile nchi kavu ya Mbeere, na nyanya yangu mzaa mama, niliyemwita cucu. Mimi ni binti wa pili, na kwa desturi yetu binti wa pili hupewa jina la mama wa mamake. Kwa hiyo tulikuwa wajina, na wajina ndilo neno aliloniitia. Nyumbani tulizungumza Kimbeere. Kiingereza kilikaa shuleni na hakikutufuata njiani. Asubuhi nilikunywa uji wa mawele uliochachuka kiasi cha kukunja uso, nikafungulia mbuzi kumi na wanne, na siku zisizo za shule nikashinda nao miongoni mwa migunga iliyotundikwa mizinga ya nyuki. Kila mbuzi alikuwa na alama ya mkato sikioni, na yule mweusi aliyewaongoza wenzake alivaa kengele ya bati. Sauti ya kengele hiyo naweza kuitofautisha hata leo na kengele nyingine yoyote, ingawa ujuzi huo haunifai kitu tena.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa mtu wa Meru, kutoka kule juu kwenye majani chai na baridi. Alikuwa na sanduku la bati lililojaa vitabu vyake mwenyewe, na alimwazima mwanafunzi mmoja kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Nilipofika darasa la saba akanipa kimoja kisichokuwa na jalada wala kurasa za kwanza. Kilianza katikati ya sentensi. Kilisimulia habari za nchi ya ukungu ambako gavana katili alikuwa akivunja mayai yote ya joka, na za msichana yatima aliyefanikiwa kuliokoa yai la mwisho, akalifunga kifuani kwa kitambaa, akaanza safari ya miezi mitano kuelekea mlima wa moto, mahali pekee ambapo lingeweza kuanguliwa. Kabla ya hapo vitabu vyote nilivyovisoma vilikuwa na maswali mwishoni mwa sura. Hiki hakikuniuliza lolote. Nilishangaa kwamba mtu mzima, mahali fulani, alikuwa ameketi akaandika mambo haya kwa bidii yote hiyo kwa ajili ya mtoto.

Sasa, sharti nikueleze kosa langu kwa usahihi. Kwetu hadithi hazikusimuliwa mchana. Hadithi ilingoja jioni, mifugo ikiwa imerudi na kuhesabiwa. Aliyesimulia jua likiwa juu, wanyama wakiwa bado malishoni, alijitakia kuwapoteza. Jambo hili nililijua kama nilivyojua jina langu. Lakini shuleni tulikuwa tumezoeshwa kusoma kwa sauti, na haikunipitikia akilini kwamba kitabu cha Kiingereza nacho ni hadithi. Jumamosi moja nikaketi chini ya mkwaju nikawasomea mbuzi, kwa sauti ya darasani, sura nzima ya msichana akivuka daraja la kamba huku askari wa gavana wakimfuata. Nilipoinua macho walikuwa kumi na watatu, na kengele haikusikika popote.

Nilitafuta hadi miguu ikachanika kwa miiba. Jioni jirani yetu, mkulima wa muguka, yale majani ya kutafuna yanayofukuza usingizi, akaja akimvuta yule mweusi kwa kamba.

"Mama, huyu ameshinda kwangu tangu saa nne," alimwambia nyanya. "Ametafuna mistari miwili ya muguka. Leo halali. Mtakesha naye mkipiga gumzo."

"Na wewe ulikuwa wapi usimwone tangu saa nne?" nyanya akamjibu. "Ama nawe ulikuwa unatafuna upande wa pili?"

Jirani alicheka akaenda zake. Nyanya hakucheka. Alinigeukia.

"Wajina, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nikisoma, cucu."

"Kwa macho, au kwa kinywa?"

Nikakificha kitabu mgongoni, na hilo likamtosha. Alikichukua kitabu, akakifunga ndani ya leso yake kuukuu, akakiweka juu ya uchaga wa kuni unaoning'inia juu ya meko, pale moshi unapopita. Kwa siku tatu nilisonga ugali chini yake nikiwa sithubutu kuinua uso. Hofu zangu zilikuwa mbili: mwalimu angekitaka kitabu chake, na msichana nilikuwa nimemwacha katikati ya daraja.

Siku ya nne, mbuzi wakiwa wamefungiwa, nyanya alikuwa akipepeta ndengu. Akaweka ungo chini.

"Hebu nieleze. Ndani ya hicho kitabu mna nini kilichomshinda mbuzi wangu?"

Nikamweleza. Nilianzia mwanzo na kuendelea hadi darajani, nikiyageuza yote kwa Kimbeere kadiri nilivyoweza. Aliposikia habari za yai alinikatiza. Kumbuka kwamba alifuga kuku maisha yake yote.

"Nani analikalia hilo yai?"

"Hakuna, cucu. Analibeba."

"Halikaliwi, halipinduliwi, linatikiswa barabarani usiku na mchana? Hilo ni viza. Mwambie alitupe apumzike."

"Siwezi kumwambia. Yumo kitabuni."

"Basi mteremshe tuone."

Ndivyo kitabu kilivyoshuka uchagani, kikinuka moshi. Nyanya alitoa hukumu yake papo hapo, na katika miaka yangu yote ya usomi sijakutana na hukumu iliyopimwa vizuri zaidi. Mchana ningeweza kusoma kwa macho, kwa kuwa macho hayasimulii. Lakini kinywa kingengoja mbuzi waingie. Kuanzia hapo nilisoma kimya malishoni, kichwa kikiinuka kila baada ya aya kuhesabu masikio, na jioni nikiwa na kitabu mkononi nilimsimulia nyanya niliyoyaona. Alikuwa msikilizaji mkali. Gavana alimchukia kama mtu anayemfahamu. Tulipofika mahali ambapo msichana anajifunza kulipindua yai kila jioni kwa mkono wenye joto, alipiga goti lake kofi: "Sasa huyu ameanza kuwa na akili!" Lakini mashaka hayakumwisha. Kila tulipofunga kitabu aliuliza swali lile lile, iwapo yai lingali zima, na kila mara nilijibu kwamba sijui.

Siku ya kufunga shule mwalimu alitutangazia kwamba amepata uhamisho kurudi kwao Meru. Pikapu ingekuja saa tisa. Vitabu vyake vyote viwe mezani kabla ya hapo. Kwangu ilibaki sura moja, ile ya mwisho. Nilikimbia hadi nyumbani, nikakichukua kitabu, nikamfuata nyanya malishoni. Nikamweleza, huku nikihema, kwamba nitaisoma sura ile kwa macho njiani, nirudishe kitabu, kisha nimsimulie jioni.

Alifikiri. Jua lilikuwa utosini.

"Jioni kitabu kitakuwa kimekwenda," alisema. "Ukisahau neno, tutamwuliza nani?"

Kisha akaweka vidole viwili mdomoni akapiga mluzi. Mbuzi waliinua vichwa kwa mshangao, maana saa hiyo hawakuwa wamewahi kuitwa. Akawaswaga nyumbani wote kumi na wanne, yule mweusi akigoma na kulalamika, na jirani akasimama kwenye ua wake, mikono kiunoni.

"Mama, mbona mbuzi wanakwenda kulala saa sita? Au leo wamekosa muguka?"

"Kwangu jua limetua," nyanya alimjibu bila kugeuka. "Kama kwako lingali juu, endelea kupalilia."

Aliwaingiza zizini, akawahesabu kwa kidole, akapitisha miti mlangoni. Tukaingia jikoni. Akafunga mlango, akaziba kidirisha kwa gunia, akapuliza makaa hadi moto ukashika. Giza likawa giza la kweli, lenye harufu ya moshi na ndengu mbichi. Akaketi kwenye kigoda chake na kukunja mikono.

"Mbuzi wako ndani. Moto umewaka. Simulia."

Nikasoma, sentensi kwa sentensi, Kiingereza kikitangulia kimoyomoyo na Kimbeere kikifuata kinywani. Msichana alifika mlimani. Akalilaza yai kwenye majivu ya moto, akalala kando yake, na alfajiri akasikia kitu kikigonga. Ufa mwembamba kama unywele ukapita katika gamba. Nikafungua ukurasa uliofuata. Palikuwa na mstari mmoja tu, ukisema kwamba huo ndio mwisho wa kitabu cha kwanza.

Nilimwambia. Machozi yalikuwa yakinilenga. Nilihisi kana kwamba mimi ndiye niliyemdanganya. Nyanya alisogeza kuni motoni.

"Ufa ulitoka nje au ndani?"

"Ndani, cucu. Imeandikwa kwamba mdomo uligonga."

"Basi si viza," alisema, na pumzi ndefu ikamtoka, pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu siku ya ungo. "Ukiwa wa ndani, li hai. Mtu asiliguse tu, asimsaidie aliye ndani kutoka. Sasa kimbia, ukamwulize mwalimu kitabu cha pili."

Nilimkuta mwalimu ameketi juu ya sanduku lake kando ya barabara. Alikipokea kitabu, akakinusa.

"Wewe, hiki ulikisoma ama ulikikausha?"

Nikamwomba cha pili. Akatikisa kichwa. Alikinunua hivyo hivyo kwa mchuuzi, bila jalada, na yeye mwenyewe hakuwahi kujua jina lake wala la mtunzi. "Hata mimi nimengoja," alisema. Akafungua sanduku, akakirudisha mahali pake, na pikapu ikafika.

Nimefunzwa kutafuta vitabu. Nimewahi kupata waraka uliopotea kwa kufuata doa la wino. Lakini kitabu kisicho na jina hakiulizwi popote, na kile cha pili sijakiona hadi leo. Kila nilipofunga shule ya upili na kurudi Gachoka, nyanya alinipokea kwa maji ya kunawa na swali moja: "Limeanguliwa?" Nami nikajibu, "Bado, cucu." Nilijaribiwa mara nyingi kubuni mwisho. Nilikuwa na uwezo huo, na labda angefurahi. Lakini angeniuliza ni ukurasa gani. Mara ya mwisho alikuwa kitandani, amekonda, mlango wazi, mchana kweupe, na mbuzi wakiwa wamegawiwa wajomba. Aliuliza, nikamjibu kama kawaida. Akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vikavu.

"Ufa ulikuwa wa ndani," alinikumbusha. "Usiliguse."

Zizi halipo. Mahali tulipolisha sasa ni muguka mtupu, mistari iliyonyooka hadi kwenye bonde, na mkwaju uliangushwa kupisha mistari hiyo. Jikoni kwa mjomba kuna gesi. Uchaga haukujengwa tena kwa kuwa hapana moshi wa kukausha chochote. Wala simlaumu mtu. Ila nilipoyasimulia haya barazani kwangu, nilitambua kwamba kilichotoweka zaidi ni ile subira ambayo nyanya aliilea, subira ya kungoja kwa miaka bila kulivunja gamba.

Binti yangu alisikiliza hadi mwisho, kidole kikiwa ndani ya ukurasa wake. Nikamwuliza kama kitabu chake kina cha pili.

"Viko vitano, mama. Vyote viko kabatini."

Kisha akainuka. Akaenda akafunga geti, akaingia ndani nami nikimfuata, akavuta mapazia ya sebuleni, akawasha jiko la gesi na kulipunguza mpaka mwali ukawa wa buluu. Akarudi sebuleni, akaketi kwenye kochi katika giza lile la saa tano asubuhi, akafungua kitabu.

"Mbuzi wote wako ndani," alisema. "Nisome?"

Nilitega sikio kidogo, kwa mazoea, nikitafuta kengele ya bati.

"Soma," nilimwambia. "Polepole."