Sukari Iliyowaka Kooni kwa Mama

Siku hiyo nilikatazwa kumkumbatia mama yangu mzazi.

"Kaa mbali kidogo, dada," fundi wa picha aliniambia. "Sasa hivi mama anatoa mionzi."



Mama alikuwa na uvimbe pafuni. Ukiwa peke yake unakatwa, daktari alituambia. Ukiwa umesambaa, hakuna upasuaji.

Ndiyo maana tukaletwa kwenye mashine hii mpya, mbili ndani ya moja. Moja inachora mwili, nyingine inaonyesha sukari yenye mionzi, anayodungwa mgonjwa, imekimbilia wapi. Saratani ina uroho wa sukari. Ikila, inawaka.

"Baada ya sindano utulie saa nzima," fundi alikuwa amemwonya mama. "Usitafune, usiongee."

Akaachwa chumbani peke yake, mlango mzito ukafungwa.

Picha zilipotoka, pafu liliwaka. Hilo tulilitegemea.

Koo nalo likawaka. Madoa mawili, kama macho ya paka gizani.

"Upasuaji tuusimamishe kwanza," daktari alisema.

Nikaenda chooni, nikafungulia bomba ili mama asisikie nikilia. Nilimwomba Mungu, nikagombana naye, nikamwomba tena.

Niliporudi, daktari alikuwa bado ameikodolea macho ile picha.

"Sukari imewaka, lakini uvimbe siuoni. Hapa ni kwenye nyuzi za sauti. Mama, uliongea mle ndani?"

"Mimi? Hata kidogo, mwanangu. Nilinong'ona tu."

"Saa nzima?"

"Si mlikataza kuongea!"

Daktari akashika kichwa. "Mama, msuli ukifanya kazi nao unakula sukari!"

Nikapandwa na hasira. "Mama jamani! Ulikuwa unanong'ona na nani?"

Akashika pembe ya mtandio wake, akaikunja, akaikunja tena.

"Peke yangu. Nilikuwa najizoeza kukuaga. Nikifika pa kukwambia ubaki salama, nashindwa. Naanza upya."



Kabla ya kurudia picha tuliagana kwanza nyumbani, kwa sauti, tukalia mpaka tukacheka. Kisha mle chumbani akanyamaza kama jiwe.

Koo likatoka giza tupu. Sijawahi kuona giza zuri kama lile.

Asubuhi hii ameingia kwa mpasuaji. Naandika nikiwa nje ya mlango, sijui atatokaje.

Ndugu zangu, daktari mwambieni yote, hata yanayochekesha. Na ya moyoni ambianeni nyumbani, kabla ya sindano.