Kinyama cha Nyangeta

Siku yangu ya kwanza kazini nilichora kope zangu mwenyewe katika daftari la Serikali. Mkuu wa maabara katika hospitali niliyopangiwa pale Musoma, ambaye sote tulimwita Bwana Maabara, alinikalisha mbele ya hadubini, akaweka kioo chenye tone la damu ya mgonjwa, akaniambia, "Tazama, kisha chora unachokiona." Nilitazama kwa bidii zote za binti aliyetoka kumaliza kidato cha nne. Nikaona wadudu weusi, warefu, waliopinda, wakichezacheza pembeni. Nikawachora tisa, na miguu nikawawekea.

Bwana Maabara aliutazama mchoro, akanitazama mimi. "Ndugu Rebeka, hebu sogeza jicho nyuma kidogo." Nikasogeza. Wadudu wote wakatoweka. "Hizo ni kope," akasema. "Mgonjwa hana neno. Mwenye kope tisa ni wewe." Kufuta kitu katika daftari la maabara kulikuwa kosa, kwa hiyo mchoro ule ulibaki palepale, na kila mfanyakazi mgeni alionyeshwa.

Vijana mnaosoma haya hamkuijua miaka ile ya foleni. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, mafuta ya taa ya foleni. Vioo vya maabara, ambavyo siku hizi mnavitumia mara moja na kuvitupa, sisi tulivisugua kwa majivu na kuvitumia tena mpaka vikapata makovu. Umeme ukikatika tuliihamishia hadubini dirishani, tukatega mwanga wa jua kwa kile kioo chake cha chini. Wingu likipita kazi ilisimama. Tulikuwa tukiwaambia wagonjwa kwamba majibu yatatoka jua likirudi, na hawakuona ajabu yoyote.

Nilikuwa nimeshazoea kutofautisha kope na malaria ulipokuja mradi wa utafiti wa uvimbe wa taya za watoto, nami nikahamishiwa huko. Mkuu wangu mpya alikuwa Daktari wa Mradi, mtu mrefu, msafi, mwenye kalamu nne mfukoni na neno moja alilolipenda kuliko chakula: protokali. Maana yake ni utaratibu wa utafiti, ulioandikwa na kupigwa mhuri. Kuku akiingia uani, Daktari aliuliza kama kuku huyo yumo kwenye protokali.

Lakini alikuwa mwalimu mzuri, nami nitawafundisha kama alivyonifundisha. Mwili umejengwa kwa seli, vitu vidogo visivyoonekana kwa macho. Seli hujigawa sehemu mbili ili kupata nyingine, na zikitosha husimama. Kidonda kikishajaa nyama, kazi imekwisha. Saratani huanza pale seli moja inapopoteza amri ya kusimama. Inajigawa, na watoto wake wanarithi ukaidi uleule, nao wanajigawa, mpaka panatokea uvimbe. Huu wa taya huanzia kwenye seli nyeupe za damu, zile zinazotulinda na magonjwa. Watafiti walikuwa wameona kwamba unapenda nchi za joto na mbu kama kwetu huku ziwani, na kwamba ndani yake mara nyingi kuna kirusi kinachopita kwenye mate. Walidhani malaria inayorudirudi inazilazimisha zile seli nyeupe kuzaana bila kupumzika, na katika haraka hiyo moja inakosea. Kwa hiyo tulipima damu, tulihesabu malaria, tulizunguka vijijini kuwatazama watoto midomoni.

Tiba ilikuwa sindano ya dawa kali inayoua seli zinazojigawa haraka. Uvimbe huu hukua haraka mno, unaweza kuuona umeongezeka kati ya Jumatatu na Jumatano, na ndiyo maana dawa huupiga vibaya. Nywele nazo huota kwa kujigawa seli, kwa hiyo nazo hudondoka. Dawa yenyewe ilikuwa haba, kabatini, ufunguo shingoni mwa Daktari. Protokali ilisema mtoto asichomwe kabla jibu halijatoka hospitali ya rufaa, na sababu ilikuwepo: ni sumu, na mtoto mwenye jipu la jino angeweza kuuawa nayo bure.

Ili jibu litoke, Daktari alikata kipande kidogo cha uvimbe, sisi tukikiita kinyama. Kwanza mimi nilikigusisha juu ya kioo ili seli zibaki hapo, nikazipaka rangi ileile ya malaria. Hiyo haikuwemo kwenye protokali, Bwana Maabara ndiye aliyenizoesha kutopoteza kitu. Kisha kinyama kiliingia kwenye chupa ya formalini, dawa inayozuia kuoza, tukaziba kizibo kwa nta ya mshumaa, na chupa ikakaa rafuni ikisubiri gari la mradi lipate petroli.

Ndipo akaja Nyangeta. Alikuwa mtoto wa miaka sita kutoka Bukima, ameletwa na bibi yake aliyemlea. Meno yake yalikuwa yamelegea, wakampeleka kwanza kwa mng'oa meno wa huko kwao. Yule akang'oa matatu, akasifiwa sana, na uvimbe ukaendelea kukua kana kwamba umefanyiwa nafasi. Alipofika kwetu shavu la kushoto lilikuwa limejaa, na jicho limeanza kusukumwa juu. Alikuwa haongei. Alinishika kidole akabaki amekishika, mpaka ikabidi niandike jina lake kwa mkono wa kushoto.

Kinyama kilipokatwa, Bibi alinifuata hadi maabara.

"Mwanangu, hiyo nyama ya mjukuu wangu inaenda wapi?"

"Hospitali ya rufaa, Bibi."

"Kufanya nini?"

"Kuitazama."

"Si umeshaitazama wewe? Macho yako mabovu?"

"Bibi, kuna mtaalamu huko, amesomea miaka mingi."

"Sisi kwetu nyama ya mtu haisafirigi peke yake," akasema, akaketi chini ya rafu.

Kesho yake alirudi, na kesho kutwa. Nilipaswa kumtoa, lakini alifagia vizuri kuliko mfagiaji, na mimi ni mtu wa udhaifu huo. Siku ya nne petroli ilikuwa bado. Mara muuguzi akapita dirishani akikimbia, "Sabuni imekuja!" Wenzangu, sabuni ilikuwa haijaonekana miezi miwili. Nilivua koti, nikasema, "Bibi, nilindie maabara," nikakimbia. Nilirudi jioni na nusu mche, nimekanyagwa vidole, na nikamkatia Bibi kipande kwa shukrani. Alikipokea akiangalia chini. Nikadhani ni adabu.

Siku iliyofuata aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani mara moja, kuna shughuli. Alirudi mwepesi, anatembea kama aliyetua mzigo. Gari nalo likapata petroli, chupa ikaondoka.

Sasa nieleze kilichonikosesha usingizi. Nilikuwa nimekitazama kile kioo changu. Seli zilikuwa zimejaa, zote zinafanana, za buluu nzito, zenye vitundu vidogo vyeupe, na kila unapogeuza jicho unakuta nyingine iliyokuwa ikijigawa. Nilikuwa nimeona vioo vya watoto wengine ambao majibu yao yalikuja baadaye, na vilikuwa hivihivi. Nikaenda kwa Daktari.

"Ndugu Rebeka," akasema, "wewe umeajiriwa kuona malaria."

Wiki iliyofuata nikaenda tena. Akaniambia jibu liko njiani. Nikaenda mara ya tatu na utepe wa kupimia, nikamwonyesha kwamba shavu limeongezeka vidole viwili. Akavua miwani. Mtu yule aliumia, nilimwona, lakini akasema tu, "Protokali, Ndugu Rebeka." Nilitoka nikaenda kulia nyuma ya jengo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Jicho la Nyangeta lilikuwa halifungi tena.

Jibu likaja. Daktari alilisoma amesimama, akaketi, akalisoma tena, akaniita mimi na Bibi.

"Tishu iliyopokelewa," akasoma kwa sauti, "si ya binadamu. Inaelekea ni ya samaki. Haina dalili za saratani. Tafadhali tumeni tena." Akanitazama juu ya miwani. "Ndugu Rebeka, jana, leo, au siku yoyote, umewahi kula chakula chako ndani ya maabara?"

Chupa ilikuwa na mwandiko wangu. Bibi ndiye aliyejibu.

"Ni kamongo," akasema.

"Bibi?"

"Si samaki tu. Ni kamongo. Nilichagua nyama yake kwa kuwa imeshikana, inafananafanana. Ya mjukuu wangu nimeshaizika Bukima, nyuma ya nyumba, pale vilipozikwa vitovu. Ingeachwa itembeetembee kwa watu nisiowajua, mtu mwenye nia mbaya angeipata. Hapo tungemponyaje mtoto?"

"Sasa kwa nini uliweka samaki?" Daktari aliuliza, sauti imempanda kama ya mvulana.

"Ningeacha chupa tupu huyu binti angefukuzwa kazi. Nilimwonea huruma."

Hakuna aliyecheka wakati ule. Nilimgeukia nikamwambia, "Bibi, tumepoteza wiki tatu. Mtoto anakufa." Nilisema hivyohivyo, bila kupunguza. Uso wake ukabadilika. Hakuwa amejua. Alidhani kinyama kinapelekwa kwa udadisi wa wasomi tu, kwa sababu tangu afike hapakuwa na mmoja wetu aliyemweleza kwamba dawa inasubiri jibu. Alikaa sakafuni akashika kichwa.

Daktari alizunguka meza mara mbili. "Kile kioo chako kiko wapi?"

Nikakileta. Jua lilikuwepo, namshukuru Mungu. Alitazama kwa muda mrefu, akihamisha kioo polepole, kushoto, kulia.

"Ulikipaka lini?"

"Siku ileile, kabla ya chupa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia, Daktari. Mara tatu."

Daktari alikitoa kioo kwenye hadubini. Kisha akavua ufunguo shingoni. "Nitakata kinyama kingine leo, kiende kuthibitisha," akasema, "na sindano nachoma leoleo, sisubiri. Protokali nitaijibu mimi." Akamgeukia Bibi. "Kwa ruhusa yako, Mama."

Bibi akainuka. Machozi hayajakauka, lakini masharti alikuwa nayo. "Kateni. Ila kikishatazamwa kirudi."

Basi tukaandika barua rasmi, yenye mhuri, kuiomba hospitali ya rufaa irudishe tishu baada ya uchunguzi kwa kuwa familia inaihitaji. Nafikiri hawakuwahi kupata barua ya namna hiyo.

Nyangeta alichomwa alasiri ile. Uvimbe unapokufa kwa ghafla takataka zake humwagika kwenye damu na zinaweza kuziba figo, kwa hiyo Daktari aliagiza anyweshwe maji mengi mno. Mabomba yalikuwa makavu. Bibi alichota ziwani, akachemsha, akapoza, akamnywesha mjukuu kikombe baada ya kikombe, na Daktari alipomwambia sasa apumzike alijibiwa, "Nenda ukalale wewe. Mimi nina deni." Siku ya tatu shavu lililegea. Siku ya tano jicho lilifunga. Siku ya sita Nyangeta alisema neno lake la kwanza mbele yangu, nalo lilikuwa "ugali". Nilienda tena kulia nyuma ya jengo.

Jibu la pili lilikuja likisema kama kioo changu kilivyosema, na kinyama kikarudi nalo. Huko rufaa tishu hugandishwa ndani ya nta ili ikatwe vipande vyembamba, kwa hiyo kilichorudi kilikuwa kijibonge cheupe. Bibi alikigeuzageuza kiganjani.

"Mmemfanya mshumaa," akasema. Lakini alikipokea, akakizika Bukima, na Daktari wa Mradi alihudhuria na tai yake, akasimama pale nyuma ya nyumba akiuliza kwa sauti ndogo kama anatakiwa kusema neno.

Toka siku hiyo utaratibu wetu ulibadilika. Kabla ya kisu kugusa mtoto, mimi niliketi na familia nikawaeleza kinyama kinaenda wapi, kwa nani, kwa nini, na nini kinasubiri jibu lake. Daktari aliliandika hilo kwenye protokali kwa mkono wake. Na vioo vyangu alianza kuvitazama siku ileile, bila kuambiwa mara tatu.

Mradi ulipofungwa nilihamishiwa Bunda, mabadiliko ya soko huria yakiwa yamefika. Sabuni zilijaa madukani za kila rangi, na pale Kabasa kila pembe ilifunguliwa maabara binafsi iliyomkuta kila mtu na malaria na taifodi, hata aliyekuja kuuliza njia. Niligombana na wengi. Kituo cha mwisho kilikuwa Butiama, ambako niliwafundisha wanafunzi, nikiwaanza wote kwa kope. Huko ndiko nilikostaafu.

Sitaki mdhani kazi yote ilikuwa vicheko. Katika daftari la mradi, mbele ya majina, niliandika kwa mkono wangu "amefariki" mara nyingi kuliko "amepona". Wengine walichelewa, wengine uvimbe ulirudi ukiwa umeizoea dawa. Siku hizi wataalamu huchanganya dawa kadhaa ili seli isiyouawa na moja iuawe na nyingine, na wanapona wengi zaidi. Nafurahi, na nawakumbuka wale wa kwetu kwa majina.

Nyangeta ni fundi cherehani pale Nyasho, Musoma, ana watoto watatu. Nikipita haniulizi shida yangu. Anaondoa mguu kwenye cherehani, anafungua mdomo mbele ya wateja wake, nami napitisha kidole juu ya ufizi, upande wa kulia, kisha wa kushoto. Kwa elimu yangu yote najua kwamba uvimbe ule, ukishapotea miaka mingi hivi, haurudi. Bado moyo hunidunda mpaka kidole kifike mwisho. Wiki iliyopita mteja mmoja aliyeleta kitambaa alishindwa kuvumilia.

"Mama, unatafutaga nini humo?"

"Sitafuti kitu," nikamwambia, kidole kikiwa bado ndani. "Nahakikisha hakipo."