Lenzi Iliyommeza Mama Mdogo

Naikumbuka Ijumaa ile, mwanangu, kwa sababu ndiyo siku niliyokaribia kuivunja nyumba ya baba yangu kwa kipande cha kioo. Umeniuliza ununue kamera gani. Sijui kama mimi ni mtu wa kuulizwa. Shule niliishia njiani, na picha nilipiga kwa kujifurahisha tu. Lakini kuuliza si ujinga, na kujibu ni deni, basi nitakuambia yaliyonipata.

Zama zile za Mwingereza nilikuwa kijana bandarini, kazi yangu kuandika alama kwenye makasha. Mjini tulizijua kamera za namna tatu. Kulikuwa na ya sanduku, isiyotaka ujuzi: unaligeuzia jua mgongo, unabonyeza. Kulikuwa na ya kukunja, inayoingia mfukoni. Na kulikuwa na ya miguu mitatu, inayonasa picha kwenye vioo badala ya filamu. Ile lenzi yake hutoka, ukatia nyingine. Rafiki yangu Omari alikuwa na ya sanduku, nami nikiiita kopo la biskuti. Picha za Omari, nisimdhulumu, zilikuwa safi kuliko zangu. Lakini mimi nilikuwa na ya miguu mitatu, watu wa mtaa walinisifu, na mgema akisifiwa unajua tembo hulifanya nini.

Basi nikaona lenzi dukani kwa Mzee Salim, Mwarabu mmoja wa Mchafukoge aliyeuza vitu vilivyokwisha tumika. Nene, ya shaba, inang'aa kama birika la arusi. Yangu ilikuwa kijidude tu, kama kifungo cha koti.

"Kamera iko wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani, mzee."

"Nenda kailete. Lenzi ni kofia, kijana. Humnunulii kofia mtu aliyekiacha kichwa nyumbani."

"Kamera yangu naijua, mzee."

"Haya, mjuzi. Chukua."

Miaka mingi nilisema mzee yule alinipunja. Naandika leo kwamba nilisema uongo.

Lenzi haikuingia. Nikaenda kwa fundi seremala Kariakoo anitobolee ubao mpya wa kuishikia. Akataka apime mara ya pili, nikamharakisha. Tundu likakaa upande kidogo. Hilo nalo si la fundi, ni langu.

Sasa, baba yangu alikuwa na wake wawili, mama yangu na Mama Mdogo, na kwa uadilifu mtaa mzima ulimtolea mfano. Khanga alinunua doti mbili za rangi moja. Samaki kutoka Feri alikatwa katikati, na kichwa kilipokezanwa: leo huku, kesho kule. Alipokubali kupigwa picha, sharti lake lilikuwa moja tu, aketi katikati, wake zake kulia na kushoto, wote sawa. Mama Mdogo hakuwa amepigwa picha maishani mwake. Alikubali kwa kuwa mpigaji ni mimi, mtoto wa nyumbani.

Baada ya sala ya Ijumaa nikajifunika kaniki nyuma ya kamera pale uani, nikatazama kile kioo cha ukungu ambamo watu huonekana vichwa chini miguu juu. Pembeni niliona weusi. Nikadhani ni kivuli cha kaniki.

Nilipokisafisha kwa dawa kile kioo kilichonasa picha na kuichapa, baba alikuwa wazi, mama yangu wazi. Upande wa Mama Mdogo kulikuwa na giza la mviringo, na mkono mmoja umeshika goti.

Baba aliitazama. "Miaka yote hii nakata samaki katikati," akasema, "leo wewe umenikatia mke."

Mama Mdogo hakupiga kelele. "Nimejiona," akasema. "Mama yako mbalamwezi, mimi nimetangulizwa kaburini." Akaingia ndani kufunga furushi lake, arudi kwao.

Nikakimbia Mchafukoge na kamera begani, nikamsimulia Mzee Salim yote. Akatazama kile kioo cha ukungu, akacheka mpaka akakohoa. "Lenzi hii ni ya kamera ndogo," akasema. "Duara lake halijazi kioo chako. Na huyo aliyekutobolea ubao amelisukuma upande. Hukumficha mama yako mdogo kwa makusudi, lakini usiende kumweleza. Nenda kamwonyeshe."

Nilimkuta uani, furushi mkononi, nikaisimamisha kamera pale pale. "Mama Mdogo, kabla hujatoka, tazama humu mara moja tu."

Mama yangu ndiye aliyeinuka, akavuta kigoda mpaka pale alipokaa mwenzake wakati wa picha, baba naye akarudi kitini pake. "Nitazame mimi," akasema.

Mama Mdogo akaingia chini ya kaniki. Mara kaniki ikaanza kutikisika.

"Kaa hapo hapo, mwenzangu! Huonekani hata kipini cha pua! Na mumeo ananing'inia kama popo!"

Mama yangu akacheka, baba akacheka. Nikairudisha ile lenzi yangu ndogo kama kifungo, na safari hii Mama Mdogo mwenyewe alikagua pembe zote nne kabla hajaketi. Ukiitazama vizuri picha ile utaliona furushi miguuni pake, halijafunguliwa.

Lenzi ya shaba baadaye Mzee Salim aliipatia kamera ya kipimo chake, ikatoa picha nzuri. Haikuwa na kosa. Ilikosa nyumba yake.

Kwa hiyo, mwanangu, jiulize kwanza unataka kumpiga nani, na wapi. Kama ya sanduku yakutosha, usione haya. Ukitaka ya kubadili lenzi, beba kamera uende nayo dukani, ijaribu hapo hapo, na akikuambia muuzaji pima tena, pima. Na usitazame katikati peke yake. Katikati kila mtu huonekana. Tazama pembeni, aliyekaa huko naye amevaa nguo zake nzuri, anangoja.

Mungu akujaalie jicho la haki na jua la kutosha, na kila utakayempiga picha ajione yumo. Amin.