Kabla Hujatandika Kitanda, Jiandikishe

Mwanangu Neema, siku ambayo haijanitoka kichwani ni ile niliposimama mbele ya kaunta ya ofisi ya jiji kule Valencia, Hispania, mama wa watu akatazama kompyuta yake, akanitazama mimi, akarudi kwenye kompyuta, akaniambia sipo. Nikamwambia nipo, si huyu hapa. Akanijibu taratibu, kama anayemwelewesha mgonjwa, "Señora, hapa mjini hujawahi kuishi. Hata siku moja."

Nilikuwa nimeishi pale miaka mitatu na miezi miwili. Nilijua mkate wa moto unatoka saa ngapi na duka gani halifunguliwi Jumatatu. Mkononi nilikuwa na pasipoti, na mkataba wa kazi uliosainiwa na binti wa bibi niliyekuwa namlea. Kilichobaki ni karatasi moja tu, ya kuonyesha kwamba hiyo miaka mitatu nilikuwa pale. Nikamwomba atafute tena, labda majina yamewachanganya, maana wenzetu wale kila mtu ana majina mawili ya ukoo, la baba na la mama, na sisi tunaandika la baba na la babu. Akatafuta kwa jina la baba. Akatafuta kwa la babu. Hakuna. Nyuma yangu foleni ikaanza kuguna. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Wala sikulia. Nilikuwa najiuliza tu, kama sikuwa hapa, nilikuwa wapi?

Ngoja nirudi nyuma, usije ukasema shangazi Tausi amechanganyikiwa. Ingawa nimechanganyikiwa, sikufichi.

Nilikwenda Valencia nikiwa na miaka ishirini na sita. Shule nimeishia darasa la saba, kwa hiyo dunia nilikuwa naijua kwa kuambiwa. Aliyenipokea ni Salome Mbuya, huyu huyu unayemwita Mama Salome hapo kanisani Laurel, anayekupakulia pilau Jumapili. Mimi nilimwita dada, kwa heshima, maana tuliimba kwaya moja Moshi na alinitangulia kwa umri. Alinipa chumba kidogo chenye kitanda cha chuma karibu na dirisha. Alinifundisha kupanda treni. Alinitafutia kazi kwa yule bibi. Hayo sitayakana, hata kwa hasira.

Wiki ya kwanza kazini, binti wa yule bibi akaniuliza, "Umeshajiandikisha?" Akanieleza kwa mikono na kwa kuchora kwamba kule jiji lina daftari la wakazi, wanaliita padrón, na kila anayeishi mjini huandikwa humo, hata asiye na vibali. Unakwenda na pasipoti, na mwenye mkataba wa nyumba anasaini kwamba ndiyo, huyu anaishi kwangu. Ukishaandikwa, siku zako zinaanza kuhesabiwa. Ikitimia miaka mitatu na una kazi, unaweza kuomba vibali. Usipoandikwa, unaishi bure.

Jioni ile nikamwambia Salome. Alikuwa anamenya viazi, hakuinua hata macho. "Mwenye nyumba hapendi," akasema. "Ukiandikwa wanakuja kuhesabu vichwa, tunafukuzwa wote." Nikajaribu tena. Hapo ndipo akacheka. "We Tausi! Nimekupa kitanda, sasa unataka na hati ya nyumba?" Tulikuwa na wageni, wote wakacheka. Nikacheka na mimi, uso unawaka.

Kosa langu ni hilo, mwanangu, na ni kosa letu sisi. Kwetu mtu akikukaribisha, akakulisha, humwombi saini. Ukimwomba saini ni kama umemwambia mbele ya watu kwamba humwamini. Mhispania angeomba hiyo karatasi huku anatafuna na wala asingeona aibu. Mimi niliona aibu miaka mitatu.

Mwaka ule ule wa kwanza akaja mdogo wake Salome, Upendo, kututembelea wiki mbili. Nikampisha kitanda changu, nikalala kwenye kochi sebuleni. Asubuhi moja wakavaa vizuri wote wawili, Salome kashika faili, wakasema wanakwenda kutembea mjini. Mimi nikabaki nawapikia chapati. Nani anatembea mjini na faili? Sikujiuliza. Upendo akarudi Moshi. Baada ya miaka miwili akaja tena, Krismasi. Nikampisha tena kitanda, wakatoka tena na faili, na chapati nikapika tena.

Sasa sikiliza. Wiki moja baada ya kuambiwa sipo, nilitoa barua kwenye sanduku pale chini, ina muhuri wa jiji na jina la Upendo. Safari hii sikumpa Salome. Niliipeleka kwa binti wa bibi, akaisoma, akakunja uso. "Wanasema Upendo ameongezewa muda kwenye daftari, kama mkazi wa chumba hicho. Huyu Upendo unayekaa naye mbona hujawahi kumtaja?" Nilitaka kumwambia, Upendo ni mimi.

Nilipomuuliza Salome, hakukataa. Hilo ndilo linalonivuruga mpaka leo. Angekataa ningejua ni mwongo, yakaisha. Alisema tu, "Kwani wewe ulikuwa na haraka gani?" Akaniuliza kama nataka chai.

Nilirudi Moshi bila kitu. Mwaka uliofuata Upendo akaenda zake Valencia, akaomba vibali kwa miaka aliyokaa kwa kutumia mgongo wangu kwenye kitanda changu, na akapata. Yuko huko hadi leo. Mimi nikaolewa, mume wangu akashinda bahati nasibu ya kadi ya kijani, hiyo green card, tukaja huku, tukapanga Wheaton, na kazi yangu ni ile ile ya kulea wazee. Siku ya kwanza naingia ibada ya Kiswahili Laurel, nani ananikumbatia mlangoni? Salome, kumbe naye alishahamia huku. "Tausi mdogo wangu jamani!" Na mimi nikamkumbatia. Mikono hii siielewi.

Miaka yote nilinyamaza. Nisingeandika hata leo, kama si Jumapili iliyopita kwenye sherehe yenu ya kukuaga. Unakwenda Valencia kusaidia kufundisha Kiingereza, Mungu mkubwa, na utakaa kwa nani? Kwa Upendo. Ukanionyesha simu yako, ujumbe wake: "Usihangaike na padrón mpenzi, mwenye nyumba hapendi."

Maneno yale yale.

Nikamgeukia Salome, kashika sahani. "Salome, unamsikia mdogo wako anavyomwambia mtoto?"

"Tausi, unafukua mambo ya mwaka gani? Kula kuku, amepoa."

Watu wakacheka. Bado wanacheka! Baba yako akaninong'oneza, "Dada, usimharibie mtoto sherehe." Na wewe ukanishika bega, "Auntie, relax, nita-register online." Mwanangu, kompyuta haitasaini badala ya mwenye mkataba wa nyumba. Na usipokuwa kwenye daftari, hata hiyo kadi ya ukazi ambayo viza yako inakutaka uichukue utaisumbukia, na mwaka wako wa kazi utakwama kwenye kaunta kama wangu ulivyokwama.

Kwa hiyo fanya hivi. Kabla hujapanda ndege, mpigie Upendo, si ujumbe, mpigie, umuulize: utanisainia, ndiyo au hapana? Akianza habari za mwenye nyumba, shukuru, kata simu, tafuta chumba kwa mtu baki ambaye hana undugu na wewe. Mtu baki utaweza kumdai. Nafasi ya kwenda ofisi ya jiji iombe mapema, maana foleni zao ni za miadi. Kila karatasi toa kopi mbili, moja ikae mbali na unapolala. Kwenye fomu andika majina kama yalivyo kwenye pasipoti, usipange mwenyewe. Barua yenye muhuri usimpe mtu kabla hujajua inasema nini. Mengine ni madogo: ukiingia dukani au kwenye lifti salimia kwanza, mtu akipita kimya wanamwona ana kiburi. Mchana maduka madogo yanafungwa watu wapumzike, usigonge mlango wa mtu. Chakula cha mchana ni saa nane, usife njaa saa sita, beba ndizi. Na njoo kwangu Wheaton wiki hii, jirani yangu Marta wa El Salvador akupige maswali kwa Kihispania. Mimi ananicheka, anasema naongea kama bibi wa Valencia. Hiyo ndiyo karatasi pekee niliyotoka nayo.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie kwenye kila mlango, jina lako liandikwe kila unapolala, na siku zako zihesabiwe kwako mwenyewe, zisihesabiwe kwa mtu mwingine.

Na wewe Salome Mbuya, najua utasomewa haya. Jumapili Neema atakuwepo ibadani, ni ya mwisho kabla hajaondoka. Mimi nitakaa benchi la mbele. Sitaki kuku na sitaki chai. Simama umwambie mtoto huyu: kama mwenye nyumba hapendi watu waandikwe, Upendo aliandikwaje?