Ngozi Mbichi kwenye Fimbo za Kulengea

Baba mdogo alizishika fimbo zangu kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya aliyekufa kwenye debe la mahindi, akazitupa nje ya uzio wa kambi.

"Kazi hii haina sketi," alisema.

Wanaume waliokuwa wanakunywa chai walicheka. Nilitoka, nikaziokota, nikazipangusa vumbi, nikarudi nazo. Akazitupa tena. Nikaziokota tena. Mara ya tatu hakuzigusa. Alitema mate karibu na mguu wangu akaenda zake. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini.

Fimbo zenyewe zilikuwa za marehemu baba. Ni tatu, ndefu kufika bega la mtu mzima, zimefungwa pamoja kwa mpira wa baiskeli karibu na ncha za juu, ili ukizitanua chini zisimame kwa miguu mitatu na juu ziache panda ya kulaza bunduki. Mtu anayewinda kwa miguu msituni hana meza ya kuegemea. Moyo unamdunda kwa mwendo, mikono inacheza, kila pumzi inaipandisha bunduki na kuishusha. Akiilaza kwenye panda, inatulia. Mbeba fimbo hutembea nyuma ya mfuata nyayo na mbele ya mpigaji. Mfuata nyayo akisimama na kuonyesha, mbeba fimbo anazitanua bila kuzigonganisha, miguu miwili upande wa mnyama, mmoja upande wa mpigaji, kisha anasogea kando, anaziba masikio na kuwa kisiki. Yote hayo yawe yamekwisha kabla mnyama hajainua kichwa mara ya pili.

Baba aliifanya kazi hiyo miaka mingi katika pori la uwindaji lililo chini ya kijiji chetu, Masieda. Nyumbani alinitumia kama mnyama wake wa mazoezi. Nilisimama mwisho wa shamba la maharage, naye anatanua fimbo huku akihesabu. Nilipokua tulibadilishana, yeye akawa mnyama. Nikichelewa alikuwa anakimbia kweli, mzee mzima, analia kama pongo hadi majirani wanachungulia.

Mama alitangulia. Baba akafuata kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa kidato cha pili, nikaacha shule wiki hiyo hiyo, maana nyuma yangu wako watatu: wa kiume anayenifuata, wa kike, na kitinda mimba ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Baada ya matanga ukoo ulikaa. Baba mdogo alikuwa ameshapanga kila kitu. Wa kiume aende kwake akachunge ng'ombe. Wa kike aende kwa shangazi, kule Hirbadaw. Kitinda mimba naye apelekwe kwa ndugu mwingine, na mimi nitafutiwe mume. Aliongea kama mtu anayegawa vifaranga.

"Utawalisha nini?" mzee wa ukoo aliniuliza.

"Nitafanya kazi."

"Kazi gani?"

"Ya baba."

Walicheka, ila yule mzee hakucheka. Alisema, "Ukimaliza msimu wa kuwinda ukiwa bado kazini, watoto watabaki na wewe. Ukifukuzwa, baba yako mdogo atawachukua siku hiyo hiyo."

Baba mdogo alitabasamu. Alikuwa na sababu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mfuata nyayo mkuu wa kambi ile ile.

Kazi niliipata kwa ubishi. Mwindaji bingwa, yule Mtanzania mwenye leseni anayewaongoza wageni, alikuja kutoa pole na kuziulizia fimbo za baba. Alitaka kuzichukua. Nilimwambia fimbo zinakuja na mtu. Akasema haya, nionyeshe. Nilizisimamisha kwenye mteremko nyuma ya nyumba, mguu wa upande wa chini nikiutanua mbali zaidi ili panda ibaki sawa. Akaegemeza mkongojo wake pale, akachuchumaa, akatazama muda mrefu.

"Kesho kutwa alfajiri uwe kambini," alisema.

Tangu siku hiyo kila asubuhi nilimwamkia baba mdogo shikamoo, naye hakuitikia. Mtu wa kwetu anajua uzito wake. Mkubwa asiyekuitikia mbele ya watu amekwambia kwamba hukuzaliwa. Njiani alikuwa anavuta tawi, analiachia linichape usoni, kisha anageuka na kuweka kidole mdomoni eti nisipige kelele. Kambini aliniita mke wa bunduki. Aliwaambia wenzake wasinipe kikombe, kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa imefiwa mara mbili na bado tuko katika miko ya msiba. Wote ni Wakristo, Jumapili wanaimba kwaya, lakini kikombe hawakunipa. Nilileta changu kutoka nyumbani.

Sikumpenda, wala sitaandika hapa kwamba moyoni nilimheshimu. Nilimchukia kila hatua, na nilikuwa natembea nyuma yake kutwa nzima.

Msimu ulipokaribia kwisha, ule ukanda wa mpira wa baiskeli uliokuwa unafunga fimbo ulikatika. Kwetu kitu kikiachia, iwe mpini wa jembe, kigoda au kitanda, kinafungwa kwa ngozi mbichi ya ng'ombe. Unailoweka mpaka iwe laini kama utumbo, unaizungusha na kuivuta kwa meno, halafu unaianika. Ikikauka inajikaza yenyewe hadi huwezi kuingiza hata sindano. Jembe la nyumbani nilikuwa nimelifunga hivyo mwenyewe. Basi nikazifunga fimbo kwa ngozi, nikiacha nafasi ya kutanuka, nikaziweka juani. Jioni zilikuwa ngumu kama chuma. Nilizitanua na kuzifunga mara ishirini na hazikutikisika.

Baba mdogo alikuja, akazichukua. Nilidhani anazitupa. Aliibonyeza ile ngozi kwa dole gumba, akaigeuza huku na huku.

"Imekaza," alisema, akazirudisha mahali pake.

Nilifurahi. Hilo linaniuma hadi leo kuliko matawi yote aliyonichapa nayo. Neno moja la mtu yule, nami nililala nikiwa nimefurahi.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeshuka kutoka milimani na majani yalikuwa mabichi mpaka kiunoni. Tulitembea watu wanne: baba mdogo, mimi, mgeni, na nyuma yake mwindaji bingwa. Mgeni alikuwa Mzungu mrefu, mpole, mwenye mikono inayotetemeka. Alikuwa anatafuta pongo dume, yule mnyama wa kichakani mwenye madoa meupe ubavuni na pembe zilizojisokota. Baba mdogo alisimama, akanyoosha kidevu. Pongo alikuwa kwenye ukingo wa kichaka, kichwa chini.

Nilitanua fimbo. Mgeni akalaza bunduki. Nilipokuwa naziba masikio niliona panda inafunguka taratibu, kama mdomo wa mtu anayesinzia. Ngozi ilikuwa imekunywa umande. Mgeni alifyatua huku bunduki inazama. Pongo aliruka, akapotea, na kwenye majani alipokuwa amesimama tulikuta damu na nywele za tumboni.

Mwindaji bingwa alishika fimbo, akaibinya ile ngozi. Maji yakatoka.

"Nani kafunga hivi?"

"Mimi, bosi."

"Ngozi mbichi? Kwenye umande?"

Tunailoweka kwa mikono yetu wenyewe ili ilainike, halafu nikasahau kwamba ukungu pia ni maji.

Baba mdogo hakuweza kujizuia. Alicheka kwa sauti. "Mimi niliiona jana, bosi. Niliibonyeza kabisa. Nikasema moyoni, hii kesho itayeyuka kama ugali wa mgonjwa. Mtoto wa kike utamfundisha nini?"

"Uliiona jana?"

"Niliiona."

"Ukaniacha nimlete mgeni hapa na fimbo hizi?"

Ndipo baba mdogo alipoelewa alichokisema, na mimi pia. Kosa lilikuwa langu. Kunyamaza kulikuwa kwake.

"Wewe tutaongea," mwindaji bingwa alimwambia. "Tafuta damu." Kisha akanigeukia. "Na wewe, huyu mnyama akituponyoka na jeraha lake, kambini usirudi hata kuchukua kikombe chako."

Alikata ile ngozi kwa kisu na kuitupa. Nilivua kitambaa cha kichwani, nikazifunga fimbo huku tunatembea, lakini mti wa fimbo zile ulikuwa umelainishwa na viganja vya baba kwa miaka, na kitambaa kiliteleza juu yake. Niliwaza wadogo zangu. Saa ile wa kike alikuwa anakoroga uji. Kama pongo angepotea, jioni mlangoni angekuwa amesimama mtu wa kuwachukua.

Baba mdogo alifuata damu vizuri. Lazima niseme hivyo. Aliifuata kwa hasira, tone kwa tone, hadi kwenye korongo, akasimama. Ng'ambo ya pili, juu kidogo, pongo alikuwa amesimama ubavu, kichwa kimeinama. Bunduki ya mwindaji bingwa ilikuwa ya karibu, ya kumzuia mnyama anayekuja. Kwa umbali ule haikufaa. Mti wa kuegemea haukuwepo. Mgeni alipumua kama aliyebeba gunia.

Nilitanua fimbo kwenye mteremko, mguu mmoja chini kabisa. Kitambaa kikaanza kushuka. Nikapiga magoti chini ya panda, nikazishika zote tatu kwa mikono miwili pale kilipokuwa kifungo, nikazikaza kifuani kwangu. Mgeni alisita. Alimtazama mwindaji bingwa.

"Toa kichwa hapo," mwindaji bingwa alininong'oneza.

"Nikitoa kichwa, zinafunguka."

"Masikio yako, dada."

"Mwambie apige."

Bunduki ililala juu ya vidole vyangu. Nilihisi mapigo ya moyo wa mgeni yakiteremka kupitia chuma, kupitia miti, mpaka kwenye mifupa yangu. Nilikaza zaidi. Yakapungua. Halafu dunia ikapasuka upande wa kulia wa kichwa changu.

Nilipofumbua macho niliona midomo inasogea bila sauti. Mgeni alikuwa ameketi chini, amejishika uso. Ng'ambo ya korongo majani hayakutikisika. Mwindaji bingwa aliinua kidole gumba. Baba mdogo alikuwa tayari anateremka kumfuata pongo, mgongo wake umenigeukia, naye ndiye aliyembeba mabegani hadi kwenye gari. Sikumsaidia.

Sikio la kushoto lilirudi baada ya siku mbili. La kulia halikurudi. Baba mdogo alipewa onyo na kubakizwa, kwa sababu hakuna anayesoma nyayo kama yeye, na mimi nilibakizwa pia. Siku zilizobaki tulitembea vilevile, yeye mbele, mimi nyuma, fimbo zimefungwa kwa mpira mpya. Tofauti pekee ni kwamba matawi sasa aliyashika mpaka nipite. Alifanya hivyo mwindaji bingwa akiwa nyuma yetu. Asipokuwepo, aliyaachia.

Msimu ulipokwisha ukoo ulikaa tena nyumbani kwetu. Nilipika makande. Baba mdogo alisimama kabla hata ya sala.

"Kazi amemaliza, sikatai," alisema. "Lakini mwangalieni. Ni kiziwi. Mtoto akilia usiku atasikiaje? Nyumba ikishika moto? Wazee, tusiwaache watoto na mtu nusu."

Wazee walinong'onezana. Nilikuwa nimekaa vibaya, sikio bovu upande wao, sikupata neno hata moja. Nilitazama midomo. Sijawahi kuogopa hivyo, hata chini ya bunduki.

Yule mzee wa ukoo akamwita mdogo wangu wa kike. "Ni kweli dada yako hasikii?"

"Ni kweli, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa mnafanyaje mkimtaka?"

"Tunamzunguka upande wa kushoto. Akikataa kusikia, tunampiga teke."

Wazee walicheka hadi yule mzee wa ukoo akapaliwa. Mzee alipomaliza kukohoa alisema, "Watoto wanabaki hapa," na alilisema kwa sauti kubwa, akinielekea mimi, ili nisikie.

Baba mdogo alichukua blanketi lake la mabegani, akatoka bila kula wala kuaga. Sikumfuata kumbembeleza, kama ilivyo desturi kwa mkubwa aliyeondoka na hasira. Niliufunga mlango. Sahani yake ilikuwa bado inafuka, na wadogo zangu walikuwa wanaitazama.

"Kuleni," nikawaambia.