Mashine Iliyovuliwa Gauni

Nyumbani kwa Bi Vitambaa hakuna kitu kilichokaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, jagi lilikuwa na chake chenye shanga pembeni, na kuku aliyekosea njia akaingia sebuleni alitoka na kofia. Kwa hiyo ilipoletwa mashine ya kufulia, bibi huyo alifuma mpaka sindano ikapata moto, akaishonea gauni zima: jeupe, la maua, lenye vishada vinavyofagia sakafu. Kila akimaliza kufua aliubamiza mlango wa mashine, akalishusha gauni, akaipapasa mgongoni.

"Pumzika, mwanangu. Baridi isikuingie."

Na gauni likichafuka, lilifuliwa humo humo, vishada na vyote.

Alikuwa na sababu ya kuidekeza. Ujana wake wote aliumalizia kwenye beseni, na vidole vilikakamaa hata kifungo kilimtoa jasho. Ilipokuja mashine, vidole vilifufuka, vikarudi kwenye kufuma. Sasa mashine yenyewe ilikuwa inaondoka leo.

Maana ilinuka. Tena si kunuka kwa kubahatisha. Mende walihama na watoto wao, nzi wakifika dirishani walifunga breki. Nguo zilitoka humo zinanuka kuliko zilivyoingia. Na mwanawe alikuwa kinyozi, mtu ambaye kazi yake ni kusimama karibu na pua za watu. Mteja mmoja alikimbia kichwa kikiwa kimenyolewa upande mmoja, na mpaka leo anatembea hivyo hivyo.

"Mama, imetosha," kinyozi alisema asubuhi. "Nimemwita mnunuzi wa vyuma chakavu. Mchana anakuja na mkokoteni."

"Na nguo?"

"Tutarudi kwenye beseni."

Bi Vitambaa akavitazama vidole vyake.

Kinyozi alipotoka tu, akatokea wifi yake Bi Vitambaa, dada wa marehemu mumewe, aliyekaa chumba cha uani na aliyeota ulimi kabla ya meno. Alikuwa na kikombe cha chai.

"Usilie, wifi. Gauni lake litakutosha wewe."

"Hebu nyamaza! Nalivua nilihifadhi."

Akalivua. Chini yake mashine ilikuwa inatoka jasho. Akafungua mlango, pumzi nzito ikampiga usoni. Kwa hasira akapitisha kidole kwenye mkunjo wa mpira wa mlango. Kidole kikarudi cheusi, kinateleza.

"Wifi! Njoo uone! Haijaoza hii, ni chafu!"

"Chafu? Kitu kinachoshinda kwenye sabuni?"

"Wewe si unaoga kila siku? Na shingo yako je?"

Wifi akaweka kikombe chini. Alipenda ugomvi, lakini umbea wa ndani ya mashine aliupenda zaidi.

Wakachomoa plagi. Wakaufuta mpira kwa tambara, mkunjo baada ya mkunjo, vikatoka vifungo, soksi, na kibanio cha nywele ambacho wifi alimnunia jirani mwaka mzima akidhani amemwibia. Droo ya sabuni ikang'ang'ania, wakaivuta wote wawili, ikaachia, wakaanguka chali wakicheka. Ndani yake sabuni ilikuwa imeganda jiwe, kwa kuwa Bi Vitambaa hakuamini kijiko. Yeye alimimina mpaka povu limfiche.

"Na hiki kijimlango cha chini ni cha nini?" wifi akauliza.

"Kijimlango gani?" Hakuwahi kukiona. Vishada vilikifunika tangu siku ya kwanza.

Wakakifungua, wakaweka sinia chini yake. Bi Vitambaa akalizungusha taratibu chujio lililokuwa ndani, maji meusi yakamwagika, kisha kikachungulia kitu chenye manyoya. Wifi akaruka juu ya stuli.

"Paka! Umefua paka!"

"Paka gani! Nywele hizi! Za wateja, kutoka kwenye mashuka ya kinyozi! Na hizi nyuzi..." Akazivuta kwenye mwanga. Zilikuwa za vishada. "Mama yangu! Mtoto kanyoa, mimi nimefuma, mashine imemeza!"

Wifi akakimbilia chumbani, akarudi na chupa ya siki anayoitumia kuondoa magamba ya birika. Wakaimimina kwenye pipa tupu la mashine, wakarudisha chujio na plagi, wakawasha maji ya moto kuliko yote. Mashine iliyokuwa ikikoroma ikaanza kuimba. Wakakikodolea macho kioo cha mlango kama watu wanaotazama fainali.

"Maji yametakata! Wifi, yametakata!"

Haraka wakatia shuka la kinyozi, na Bi Vitambaa akatia kijiko kimoja tu cha sabuni.

Mashine ilikuwa inamalizia kukamua, hodi ikapigwa. Kinyozi na mwenye mkokoteni, pande la mtu linalovuja jasho.

"Maiti yuko wapi?" mwenye mkokoteni akauliza.

"Maiti hajafa!" Bi Vitambaa akamtupia mwanawe shuka. "Nusa!"

Kinyozi akanusa kwa mbali. Akanusa kwa karibu. Akazika uso mzima.

"Mama, hainuki!"

"Sema tena, baba, nisikie vizuri."

"Hainuki! Haiondoki mashine!"

Wifi akapiga kigelegele mpaka vikombe vikajibu kabatini. Mwenye mkokoteni tu ndiye aliyenuna.

"Na mimi nirudi mtupu?"

Bi Vitambaa akalitazama shati lake, akakunja pua. "Vua hilo."

Hivyo ndivyo pande la mtu lilivyokaa stulini limejifunika gauni la maua, linakunywa chai, shati lake likizunguka mbele ya macho yake.

"Limekupendeza kuliko mwenyewe," wifi akasema.

Shati lilipokauka na mwenye mkokoteni akalirudisha gauni, mikono ya Bi Vitambaa ikamwasha kuivika mashine tena. Akaitazama, mpira umekaushwa, mlango wazi, inapumua. Akageuka, akatoka nje, akalifunga gauni kwenye mkokoteni.

"Bibi, watu watanicheka!"

"Wacheke. Ulikuwa uchi huo."

Mkokoteni ukashuka barabara, vishada vikicheza huku na huku. Bi Vitambaa akarudi ndani mbio, akakusanya mapazia yote ya kufua.